Chama cha Mambo ya Kale cha Amsterdam, kikitumiwa kutoka Nakuru: tathmini

Koninklijk Oudheidkundig Genootschap, yaani Chama cha Kifalme cha Mambo ya Kale cha Uholanzi, kilianzishwa Amsterdam mwaka 1858 ili kukusanya na kuhifadhi vitu vya zamani ambavyo wakati huo vilikuwa vikiuzwa, vikiyeyushwa au vikitupwa tu. Mpaka leo chama hicho kingali hai, kingali na wanachama, na kingali ndicho mwenye mali yake. Ninachokitathmini hapa si ziara ya Amsterdam, kwa maana sijafika huko wala sina nauli ya kunifikisha. Ninatathmini kile ambacho mtu aliyeketi Nakuru, mwenye kompyuta ya kawaida na bando la kawaida, anaweza kukipata kutoka kwenye mkusanyiko wa chama hicho bila kutoa shilingi. Nimeutumia kwa niaba ya kikundi chetu kidogo cha hapa mjini, chenye walimu wastaafu, wazee waliowahi kufanya kazi ya reli na vijana wachache, ambao hawataki vitu vya kale vya Nakuru viendelee kuishia kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu.

Niseme mapema nilichokiona. Picha ni nzuri kupita matarajio yangu, ruhusa ya kuzitumia iko wazi, lugha ni kikwazo, na chama chenyewe kimejificha nyuma ya mgongo wa taasisi kubwa kiasi kwamba asiyekijua hatajua anakitazama. Hata hivyo, kilichonifaa zaidi si kitu chochote kati ya hivyo vinavyoonekana kwenye skrini, bali ni utaratibu wa umiliki ulio nyuma yake: chama hiki kina mali nyingi sana, na karibu zote zinatunzwa na watu wengine.

Utaratibu wenyewe uko hivi. Rijksmuseum, makumbusho ya taifa ya Uholanzi yaliyoko Amsterdam, yalipofungua jengo lake jipya mwaka 1885, lile lililosanifiwa na Pierre Cuypers, mkusanyiko wa chama uliingizwa humo, si kwa kuuzwa wala kutolewa zawadi, bali kwa kuazimishwa. Tangu hapo, makumbusho ndiyo yanayovihifadhi vitu hivyo, yanavifanyia ukarabati, yanaviorodhesha na kuvionyesha, lakini mwenyewe anabaki kuwa chama. Michoro na picha za kuchapwa zinazohusu mji wa Amsterdam zenyewe ziko kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Jiji, ambayo tangu mwaka 2007 iko katika jengo la De Bazel, barabara ya Vijzelstraat. Kwa hiyo anayetaka kuona mali ya chama hana budi kubisha milango ya wengine. Katika orodha ya Rijksmuseum, andika jina la chama kwa Kiholanzi kwenye kisanduku cha kutafutia, nawe utaletewa vitu vilivyo na maelezo mafupi kwamba vimeazimwa kutoka kwa chama. Vingi kati yake vina namba ya usajili yenye herufi KOG katikati, na mtu akishazizoea herufi hizo huanza kuzitambua hata pale ambapo hakuwa akizitafuta.

Ili kuuthamini utaratibu huo inafaa kukumbuka hali ya Uholanzi ya wakati ule. Leo tunaizungumzia nchi hiyo kana kwamba ilizaliwa ikiwa na makumbusho mikononi, ilhali katikati ya karne ya 19 serikali yake haikujali sana urithi wa kale. Mfano unaotajwa mara kwa mara ni ule ukuta wa mawe wenye nakshi uliokuwa ndani ya kanisa kuu la Mtakatifu Yohana, mjini 's-Hertogenbosch, ambao ulibomolewa mwaka 1866, na baada ya miaka michache ukanunuliwa na makumbusho ya London, ambako ungali ukionyeshwa hata sasa. Victor de Stuers, Mholanzi mtetezi wa urithi wa kale, aliandika makala kali mwaka 1873 kuilaumu serikali na wananchi kwa uzembe huo, na miaka miwili baadaye yeye mwenyewe akapewa idara ya serikali ya kushughulikia sanaa na sayansi. Ukizihesabu tarehe hizo utaona kwamba wanachama wa Amsterdam walikuwa wameshaanza kukusanya kwa takriban miaka 17 kabla ya serikali kuamka. Hawakungoja sheria wala bajeti. Msomaji wa Kenya, ambaye amezoea kusikia kila mkutano ukimalizika kwa azimio la kuiomba serikali ya kaunti itenge fedha, anapaswa kulitazama jambo hili mara mbili.

Sasa nije kwenye vitu vyenyewe. Vilivyomo ni vya aina nyingi mno: mavazi, vyombo vya fedha, glasi zilizochongwa maandishi, medali, vifaa vya nyumbani, michoro ya majengo ambayo hayapo tena. Sitavieleza kimoja kimoja kwa sababu vingi, kusema kweli, vinamhusu zaidi Mholanzi anayeutambua ukoo wa bibi yake katika kijiko. Lakini kipo kimoja ambacho kilikishika kikundi chetu kizima tulipokionyesha kwa projekta katika ukumbi wa kanisa, nacho ni sanduku la vitabu linalohusishwa na Hugo de Groot, yule mwanasheria anayehesabiwa miongoni mwa waasisi wa sheria ya kimataifa.

De Groot alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1619 na kuwekwa katika ngome ya Loevestein. Aliruhusiwa kusoma, kwa hiyo sanduku la vitabu likawa linaingia na kutoka, na walinzi, kama walinzi wa mahali popote, wakachoka kulikagua. Mwezi Machi 1621 mkewe, Maria van Reigersberch, alimfungia mumewe ndani ya sanduku hilo, na mtumishi wao wa kike, Elsje van Houwening, akalisindikiza hadi mji wa Gorinchem, ng'ambo ya mto, ambako bwana yule alitoka humo na kuendelea na safari akiwa amevaa kama mwashi. Mama mmoja wa kikundi chetu aliisikiliza hadithi yote kimya, kisha akauliza, "Na huyo binti aliyebeba hatari yote alilipwa nini, Mwalimu?" Kijana aliyekuwa akishika kompyuta akapekua ukurasa juu hadi chini na kumjibu kwamba hilo halikuandikwa.

Swali lililofuata lilikuwa zito zaidi kwa kazi yetu: je, hilo ndilo sanduku lenyewe? Hakuna aliyethibitisha. Sanduku linalodaiwa kuwa ndilo si moja, na ngome ya Loevestein nayo inawaonyesha wageni la kwake. Mimi hili limenipendeza badala ya kuniudhi. Hapa kwetu Rift Valley karibu kila ukoo una kigoda ambacho chifu fulani alikikalia, au mkuki uliokuwapo katika vita fulani, na mtu akiuliza ushahidi huonekana amemtusi marehemu. Chama cha Amsterdam kimelihifadhi sanduku hilo pamoja na shaka yake, na shaka haikulipunguzia thamani, kwa sababu hata kama de Groot hakulala ndani yake, watu wa karne nyingi waliamini hivyo na kulitunza kwa sababu hiyo. Imani hiyo nayo ni historia. Tangu siku hiyo fomu yetu ya kuandikisha vitu ina nafasi mbili tofauti: moja ya yale yanayosemwa na mwenye kitu, na nyingine ya yale yaliyothibitishwa kwa karatasi, kwa picha au kwa shahidi wa pili.

Kuhusu picha, sina la kulalamikia. Zile za vitu ambavyo muda wa hakimiliki umekwisha zinapakuliwa bure, kwa ukubwa unaokuwezesha kuona nyufa za rangi na alama za patasi, na zinaweza kuchapishwa kwenye kitabu, kwenye bango la shule au kwenye fulana bila kuomba ruhusa. Ni ukarimu ambao taasisi nyingi za nchi tajiri bado hazijaufikia. Gharama iliyobaki ni ya intaneti, kwa kuwa picha kubwa hula bando haraka, kwa hiyo ni afadhali kupakua mahali penye Wi-Fi, au kwenda saiba na kifaa cha kuhifadhia, kuliko kufungua moja baada ya nyingine kwa simu.

Lugha ndiyo inayopunguza alama. Kurasa ziko kwa Kiholanzi na Kiingereza, lakini maelezo marefu ya vitu vidogovidogo mara nyingi yako kwa Kiholanzi pekee, na vitu vidogovidogo ndivyo hasa vilivyo moyo wa mkusanyiko wa chama hiki. Kiswahili hakipo, na sikutarajia kiwepo. Programu ya kutafsiri iliyo kwenye simu inatosha kwa sentensi fupi, ila inateleza kwenye majina ya vyombo na nguo, kwa hiyo tulilazimika kuitazama picha kwanza na kuyaamini macho yetu kabla ya tafsiri. Mwalimu anayetaka kuutumia mkusanyiko huu darasani aandae maelezo yake mwenyewe kwa Kiswahili kabla ya kuingia darasani.

Kwa mtu wa Nakuru, sehemu yenye faida kuliko zote nadhani ni ile iliyo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Jiji, ingawa haina sanduku la mtoro. Hizo ni picha za mitaa: mifereji, malango, nyumba za kawaida, masoko, makanisa, zilizochorwa na watu tofauti kwa nyakati tofauti, zikakusanywa kwa kufuata mahali badala ya jina la msanii. Ukichagua mtaa mmoja unaweza kuona jinsi ulivyobadilika tangu enzi za meli za matanga. Mpangilio huo wa kufuata mahali ndio tulioiga mara moja. Nakuru ilikua baada ya reli kufika hapa mwaka 1900, na ikapewa hadhi ya jiji mwaka 2021. Kati ya miaka hiyo miwili kuna picha chungu nzima za studio, kadi za posta, picha za harusi zilizopigwa mbele ya maduka ya Wahindi na picha za wafanyakazi wa karakana, zote zikiwa chini ya vitanda na ndani ya makopo ya biskuti. Zikipangwa kwa majina ya wenyewe hazitoi habari nyingi. Zikipangwa kwa mahali, yaani stesheni, Bondeni, Section 58, Kenyatta Avenue, mtu anaanza kuuona mji.

Hapo ndipo lilipozuka suala ambalo limeifanya tathmini hii iwe na maana kwetu. Mzee mmoja aliyekuwa dereva wa treni ana taa ya mkono ya reli, ile ya kuonyeshea ishara usiku, na amekataa kuitoa mara kadhaa. Tulipomaliza kueleza habari za Amsterdam aliinuka akauliza, "Sasa Mwalimu, nikiwapa makumbusho taa yangu, kesho bado ni yangu?" Swali lake halikutoka hewani. Miaka mingi iliyopita jirani yake alipeleka albamu ya picha kwenye ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, akaambiwa zitaonyeshwa kwenye maadhimisho, na hazikurudi tena. Wazee wa mji huu wanaijua hadithi hiyo, na ndiyo inayowafanya wafunge masanduku yao.

Jibu la Amsterdam kwa swali la mzee ni kwamba ndiyo, inaweza kubaki yako, mradi iandikwe. Chama kile kimekuwa mwenye mali ndani ya nyumba ya mwingine tangu 1885, na jina lake linaandikwa kando ya kila kitu chake. Jengo lilipofungwa kwa ukarabati kuanzia 2003 hadi 2013, umiliki haukufungwa pamoja nalo. Makumbusho yanapata vitu vya kuonyesha bila kuvinunua. Chama kinapata ulinzi, hewa iliyodhibitiwa na wataalamu ambao kisingeweza kuwalipa. Ni kama mwenye ng'ombe aliyempa rafiki yake ng'ombe amtunzie: maziwa yanakunywewa kule, lakini mifugo ikihesabiwa kila mtu anajua wa nani.

Ninakiri kwamba utaratibu huo una upungufu wake, nao unaonekana wazi. Mgeni anayesimama mbele ya kabati pale Rijksmuseum huondoka akilisifu Rijksmuseum, si chama. Kwenye orodha ya mtandaoni ni vivyo hivyo: jina la chama ni mstari mmoja wa herufi ndogo, na hakuna anayekueleza papo hapo kwamba bila watu wale wa 1858 kitu hicho pengine kisingekuwapo. Kikundi kinachotaka sifa kisifuate njia hii.

Upungufu wa pili ni wa asili ya wakusanyaji wenyewe. Walikuwa watu wenye nafasi katika mji wenye fedha, na walikusanya vilivyokuwa katika nyumba za watu wa aina yao. Fedha na glasi zipo kwa wingi. Vyombo vya akina Elsje ni vya kutafuta. Kwa upande mwingine, shabaha yao ilikuwa hasa mambo ya kale ya nchi yao wenyewe, na hilo linaufanya mkusanyiko huu usiwe na lile doa zito la vitu vilivyobebwa kutoka kwa wengine. Doa hilo katika Uholanzi lipo kwingineko: mwaka 2023 serikali yake ilirudisha vitu 478 kwa Indonesia na Sri Lanka, ukiwamo mzinga wa kivita wa Kandy, ufalme wa kale wa Sri Lanka, uliokuwa Rijksmuseum. Sisi wa upande huu tunalielewa jambo hilo bila kufundishwa, kwani fimbo tatu za Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyeuawa mwaka 1905, zilirudi kutoka Uingereza mwaka 2006 tu, baada ya karne nzima.

Ni haki pia kuulizana kama hapa kwetu hakuna mfano, ili tusiende Ulaya kuokota kilicho mlangoni. Mfano upo, ila unaelekea pande tofauti. Makumbusho ya Kitale yalianza na mkusanyiko wa mtu mmoja, Luteni Kanali Hugh Stoneham, mpenzi wa wadudu, ndege na vitabu, na baada ya kifo chake mkusanyiko huo ukawa msingi wa makumbusho ya taifa yaliyofunguliwa mwaka 1974. Hapo mali ilihama moja kwa moja. Nairobi nako, makumbusho yalianzishwa mwaka 1910 na chama cha wapenda elimu ya viumbe kilichoundwa mwaka 1909. Chama hicho hakikufa. Hadi leo kinatumia maktaba kwa ubia na Makumbusho ya Taifa, na kati ya mifano ya Kenya hicho ndicho kilicho karibu zaidi na mtindo wa Amsterdam. Hyrax Hill, eneo la mabaki ya kale lililo hapahapa Nakuru, ni jambo lingine kabisa. Kilichochimbuliwa na mwanaakiolojia Mary Leakey mwaka 1937 na 1938 ni mali ya umma, na kinachopendeza pale, yaani mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba na mabaki ya kuta za mawe, hakiwezi kuazimishwa kwa yeyote. Atakayelinganisha skrini na Hyrax Hill atatambua mara moja kile ambacho huduma ya Amsterdam haiwezi kutoa: uzito wa kitu mkononi, upepo wa ziwa, na mwongozaji anayejua kucheza bao hilo.

Kwa hiyo ninaupendekeza mkusanyiko huu kwa nani? Kwa mwalimu wa historia au wa sanaa, bila kusita. Kwa mtunza nyaraka wa kanisa, wa shule au wa ukoo, nampendekezea aanze na michoro ya mitaa iliyo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Jiji, aangalie jinsi kila picha ilivyopewa mahali, tarehe na mwenye mali, kisha ndipo aende Rijksmuseum kutazama vyombo. Kwa anayetafuta burudani ya jioni tu, sanduku la de Groot linatosha. Anayetafuta habari za Afrika ya Mashariki asipoteze bando lake.

Kikundi chetu kimeshaandika rasimu ya mkataba wa kuazimisha, kwa Kiswahili, wenye kurasa mbili. Unasema kitu ni cha nani, kinatunzwa na nani, nani atalipa kikivunjika, na kwamba jina la mwenyewe litaandikwa kando yake popote kitakapoonyeshwa. Kifungu cha muda ndicho kinachotushinda. Vijana wanataka miaka 20 ili makumbusho yakubali kugharamia utunzaji, wazee wanataka mitano na haki ya kukichukua kitu chao wakati wa arusi na mazishi. Mzee wa taa ameongeza sharti lake la pekee, kwamba mjukuu wake apewe nakala ya mkataba iliyopigwa muhuri, na kuhusu hilo kikao kizima kilikubaliana naye bila kupiga kura.